Sura ya Sita: Kompyuta Iliyokuwa Ikizimika

Kompyuta ilizimika tena kabla Sajenti Agneta Nabututu hajasoma mstari wa kwanza. Kioo kiligeuka cheusi, mvumo wa ndani ukakatika, naye akabaki akijitazama mwenyewe humo, kofia imekaa upande na jasho limemkusanyikia juu ya mdomo.

"Imekufa," akasema.

"Haijafa, imezimia," akajibu Idd, fundi wa redio na televisheni. "Maiti haipati moto hivi. Hebu weka mkono hapa chini, Sajenti."

Nabututu akaweka mkono, akauondoa upesi. Kwa joto lile ungeweza kunyoosha kola ya shati.

Walikuwa katika kibanda cha Idd pale Kondele, kati ya redio zilizopasuliwa matumbo na televisheni moja iliyokuwa ikimngoja mwenyewe tangu mvua za masika. Nabututu alikuwa hatulii. Alikaa kwenye kreti la soda, akasimama, akaenda mlangoni kutazama jua limefika wapi, akarudi akakaa tena. Kituoni gari la mahabusu lingeondoka baada ya chakula cha mchana, na katika gari hilo angepakiwa Bakari, mlinzi wa ghala la mradi wa samaki kule Usenge. Akishasomewa mashtaka na kupelekwa rumande, nani angemkumbuka tena? Wizi wa injini za boti haukuwa mchezo mbele ya hakimu.

Injini zenyewe zilikuwa mbili, mpya, bado na mafuta ya kiwandani. Zilitoweka Alhamisi jioni, na kufuli la ghala lilikutwa zima. Ufunguo mmoja alikuwa nao Bakari. Wa pili alikuwa nao Dalmas Oketch, afisa wa mradi. Huyu Dalmas alifika kituoni kwa miguu yake mwenyewe, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, akaiweka kompyuta yake ya mkononi juu ya meza ya Inspekta Ogola. Mwaka ule wa tisini na saba vyombo vya namna hiyo vilikuwa adimu Kisumu, na askari waliacha kazi wakaja kuchungulia.

"Alhamisi jioni nilikuwa kwangu Migosi, naandika ripoti," Dalmas alisema. "Fungueni mwone. Hii kitu huandika saa yenyewe. Na haijatoka nyumbani kwangu tangu Jumatatu."

Inspekta Ogola alilipenda sana jibu hilo. Ila kila walipoifungua, kompyuta ilivuma kidogo, ikapata moto, ikazima. "Ni virusi," Dalmas akasema, akaomba radhi kwa ajili yake kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mtoto mtukutu.

"Virusi haviunguzi kiganja," Idd alisema sasa. "Halafu hiyo saa unayoitafuta humu ndani, Sajenti, mimi naweza kuibadilisha hapa hapa ikakwambia leo ni Krismasi. Itakusaidia nini?"

Nabututu alimtazama. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Basi sitaki tena kujua inasema nini," akasema. "Nataka kujua inaumwa nini."

Idd alifurahi. Hilo ndilo swali alilozoea. Akaanza na betri. Akaitoa, akaipima, akairudisha. "Betri nzima. Ingekuwa mtu, ingeoa." Akaangalia waya wa stima. Mzima. Kisha akakinyanyua kitambaa ambacho kompyuta ilikuwa imekikalia tangu ilipoletwa kituoni. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, maua manane yameungana kwa vishada, pembeni kimepigwa mawimbi. Dalmas alikileta pamoja na kompyuta kwa sababu mkewe, Selpha, hakukubali kitu cha thamani kama hicho kikae uchi juu ya meza ya watu.

"Haya ndiyo haya!" Idd akapiga kofi. "Wanawake wetu na vitambaa! Redio inavikwa, chupa ya chai inavikwa, kochi linavikwa. Hata mke wangu Zeituni ameivika saa ya ukutani. Sajenti, hii kompyuta inapumulia chini. Hapa, ona, hizi nafasi. Ukiilaza juu ya kitambaa umeiziba pua. Inapata joto, inajizima yenyewe isije ikaungua. Kesi imekwisha."

Akaiinua juu ya vipande viwili vya mbao, akaiwasha. Iliwaka. Ikavuma. Idd akaanza kuimba kwa pua. Akamimina chai, akampa Sajenti kikombe, akaanza kumweleza jinsi alivyowahi kutengeneza televisheni ya daktari mmoja ambaye—

Kompyuta ikazima.

"Kunywa chai, Fundi," Nabututu akasema. "Kisha uifungue."

Idd akaigeuza kifudifudi. Juu ya kila skrubu kulikuwa na tone dogo jekundu, limekauka na kung'aa.

"Rangi ya nini hii?"

"Ya kucha. Naiba kwa Zeituni." Idd akacheka. "Ni alama yangu. Nikifunga kitu, naweka tone. Mteja akirudi kusema nimemuharibia, naangalia kama kuna mwingine aliyepitia. Hii niliifungua mimi mwenyewe Jumatatu, Oketch aliileta nimpanulie nafasi ya kuweka kazi. Nikaisafisha yote, nikaipuliza, feni ikawa inazunguka kama mbio za sikukuu."

"Jumatatu ya wiki ya wizi?"

"Hiyo hiyo. Na matone yangu ona, hakuna lililopasuka. Hakuna mkono ulioingia humu baada ya wangu."

Nabututu akainama karibu. Akayakagua matone moja moja, akatikisa kichwa kukubali. Idd akakwangua rangi, akafungua skrubu, akainua kifuniko.

Wote wawili wakachungulia. Kisha Idd akasema, "Yallah."

Feni, kitu kidogo kama kizibo cha mtungi, haikuonekana. Mahali pake palikuwa na donge la kijani lililoshonana, kavu juu na bichi kidogo chini, linanuka ziwa. Idd akalichokoa kwa ncha ya bisibisi. Yalidondoka mabawa membamba, miguu kama nyuzi, vichwa vidogo vyenye manyoya.

"Wadudu wa ziwa," akasema.

"Wamefikaje?"

"Feni inavuta hewa. Inavuta na kilichomo kwenye hewa."

"Na hapa mjini hawapo?"

"Wapo. Wanakuja mmoja mmoja kwenye taa yangu." Idd akakuna kidevu. "Lakini hivi... Hivi sijawahi kuona."

Sajenti aliyatia mabaki ndani ya bahasha ya kaki, akaifunga na kuandika juu yake. Hakuridhika. Wakili yeyote angesimama aseme wadudu wana mabawa, wanakwenda watakako. Wakati Idd akisugua feni kwa mswaki na spiriti, akiipuliza kwa pampu ya baiskeli, akiidondoshea mafuta ya cherehani, Nabututu alikuwa tayari mlangoni, amekunja kitambaa cha Selpha chini ya kwapa.

"Ikipona niletee kituoni," akasema. "Usimwachie mtu njiani. Na usiilaze juu ya kitu chochote laini."

*

Kwenye benchi la nje ya kituo alikuwapo Subira, mke wa Bakari, na bakuli la wali lililofungwa kwa leso. Alikuwa amekalia benchi hilo tangu mumewe aletwe, na askari walikwisha kuzoea kumzunguka kama wanavyozunguka nguzo.

"Afande, wamekataa kumpa chakula."

"Kitampata. Sogea nikae." Nabututu alikaa, na mara hii akatulia. "Mama, nieleze tena ile Alhamisi. Anza kabla ya giza."

Subira akashusha pumzi. "Nimeeleza mpaka nimechoka. Tulikuwa tunaanua omena, vile visamaki tulivyoanika ufuoni. Mara upepo ukageuka. Tukaona kule majini moshi unakuja, lakini si moshi, ni wale wadudu. Wanawake wakapiga kelele, kila mtu akakimbilia kwake, tukazima taa."

"Mkazima taa? Kwa nini?"

Subira akamtazama kuona kama anataniwa. "Afande, wewe wa wapi?"

"Bungoma."

"Ndiyo sababu. Wadudu wakija, unazima taa. Ukiiacha wataingia kwenye chakula, kwenye macho, kwenye pua ya mtoto. Kila nyumba inazima. Koroboi, kandili, hata moto wa kupikia unafunikwa. Mtu akisahau, majirani wanamtukana mpaka babu yake. Ufuo mzima unakuwa giza mpaka wapite."

"Na Bakari?"

"Alizima kandili yake, akajifunika blanketi mpaka kichwani, hapo hapo nje ya ghala. Ndiyo maana hakuona mtu. Aliona tu kwa tundu la blanketi, kwenye dirisha la ghala, mwanga mweupe. Akadhani ni ndoto ya wadudu." Akakaza fundo la leso. "Akawaambia hapa, mwanga kama wa televisheni. Wakacheka. Wakasema, televisheni Usenge, ambako hata nguzo ya stima hakuna? Wakacheka na kandili yake wakachukua, eti ni kielelezo."

Nabututu aliikumbuka siku hiyo. Yeye hakucheka, lakini pia hakuuliza.

Akasimama ghafla, benchi likainuka upande wa Subira.

"Afande?"

"Mpe konstebo huo wali. Mwambie nimesema mimi. Na ukae papa hapa."

*

Mwendesha baiskeli alimfikisha Migosi akiwa ameloa jasho, akilalamika kwamba askari ni wazito kwa sababu ya buti. Nyumba ya Dalmas ilikuwa ya kupanga, katika safu ya nyumba zenye milango ya buluu. Selpha alimfungulia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwaya, na sebule yake ilikuwa nyeupe kama siku ya Pasaka. Kila kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na vingine viwili mikononi. Redio ilikuwa na chake. Hata kopo la majani ya chai lilikuwa limevaa.

"Karibu, Afande. Umekuja na kitambaa changu! Nilidhani mmekipangusia buti."

Dalmas alitokea chumbani akifunga kifungo cha mkono. "Imefunguka? Mmeona saa?"

"Fundi bado anahangaika nayo," Nabututu akasema, akikaa ukingoni mwa kochi. "Nimekuja kwa swali dogo. Alhamisi ulikuwa ukiandikia wapi?"

"Hapo mezani. Juu ya hicho hicho kitambaa."

"Mpaka usiku?"

"Mpaka usingizi ukanishinda."

"Mama Selpha, na wewe ulikuwapo?"

"Mimi Alhamisi nalala kanisani, mkesha wa kina mama. Lakini nilipoondoka mchana alikuwa hapo anavaa miwani."

Nabututu akaitikia kwa kichwa. Akageuka kwa Dalmas, sauti ya mtu anayepitisha muda tu. "Fundi anasema ndani mmejaa wadudu wa ziwa. Feni imeshindwa kuzunguka."

Kifungo kikatulia kati ya vidole vya Dalmas. "Wadudu? Aa, ndiyo. Wako wengi huku. Alhamisi walikuja wengi ajabu. Niliwafukuza mpaka nikachoka."

"Huku?" Selpha akaruka. "Huku Migosi? Baba Joram, wadudu gani? Watu watasema ninakaa uchafuni! Tangu tuhamie nyumba hii sijaona hata mmoja. Ziwa liko wapi na sisi tuko wapi!"

"Ulikuwa kanisani, wewe!"

"Na asubuhi nilirudi! Ningekuta wamelala sakafuni kama mchele. Wewe umeshika ufagio tangu lini?"

"Mama," Nabututu akasema taratibu, "wadudu hawa ukiwaponda wanaacha nini?"

"Doa la kijani. Halitoki hata kwa jiki. Mimi nimezaliwa Usenge, nawajua."

"Na hiki kitambaa umekifua lini mara ya mwisho?"

Selpha akakichukua, akakitandaza magotini, akakilainisha kwa viganja. "Jumatano. Nikakipiga wanga, nikakitandika. Hakijaguswa na maji tena. Ona wanga bado umesimama."

Nabututu aliacha wote watatu wakitazame. Maua manane, meupe, hakuna hata tone. Kompyuta iliyomeza donge zima la wadudu haikuwa imelala juu ya kitambaa kile ilipokuwa ikiwameza.

Selpha ndiye aliyeelewa kwanza. Viganja vyake vikaacha kulainisha. Akainua uso kumtazama mumewe, na sauti ya kwaya haikuwapo tena.

"Ulikuwa wapi Alhamisi?"

"Mke wangu, nyamaza."

"Nimekuuliza, Dalmas. Ulikuwa wapi?"

"Chukua koti, Bwana Oketch," Nabututu akasema. "Tutazungumza kituoni."

*

Idd alikuwa amekwisha kufika, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa mahari. Gari la mahabusu lilikuwa linaunguruma uani, mlango wa nyuma wazi. Inspekta Ogola alitoka na karatasi za Bakari mkononi.

"Nabututu, kitambaa na wadudu? Niende kwa hakimu na kitambaa na wadudu?"

"Nipe muda wa dereva kumaliza sigara yake, mkubwa. Na unipe stoo ya vielelezo."

Stoo ile haikuwa na dirisha. Ukifunga mlango, ni giza la ndani ya gunia. Nabututu aliwaingiza Ogola na Dalmas, akawasimamisha ukutani. Nyuma ya rundo la magunia ya bangi iliyokamatwa akamficha Idd, na vitu vitatu. Kisha akamleta Bakari.

Alikuwa mtu mrefu, amekondeana kwa siku za seli, wali bado kwenye kona ya mdomo. Hakuambiwa chochote.

"Mzee Bakari," Nabututu akasema gizani, "utaona mwanga ukutani. Sitakuambia ni wa nini. Wewe sema tu kama ndio uliouona kwenye dirisha la ghala, au sio."

"Haya."

Nyuma ya magunia kukasikika mchakacho. Duara la njano likatua ukutani.

"Hiyo ni tochi," Bakari akasema. "Sio."

Giza. Kiberiti. Mwanga mwekundu ukayumba, na vivuli vikacheza darini.

"Hiyo ni kandili yangu mwenyewe. Naijua hata kwa harufu. Sio."

Giza tena. Safari hii palipita kimya kirefu kidogo, halafu mvumo mwembamba, sawasawa, feni iliyosafishwa ikizunguka. Ukuta ukaanza kung'aa. Weupe wake ulikuwa wa maziwa yaliyotiwa maji, umetulia, hauyumbi, wenye buluu kidogo pembeni.

Bakari alipiga hatua mbele. Akanyoosha mkono, akaugusa ukuta.

"Ndio huu," akasema. "Ndio huu wenyewe. Na huo mlio niliusikia, nikadhani ni wao wadudu."

Mwanga uliendelea kuwaka. Wote walikuwa wakingoja uzimike kama ilivyozoea, na haukuzimika, na kadiri ulivyozidi kuwaka ndivyo uso wa Dalmas ulivyozidi kuonekana.

"Wewe ni wa Pap Onditi, Bwana Oketch," Nabututu akasema. "Kwenu ni mtama na ng'ombe. Mimi ni wa Bungoma, nami sikujua. Wadudu wakitua, Usenge nzima huzima taa. Mwanga uliobaki ufuoni ulikuwa mmoja tu, wa kwako, na wote wakaja kwako. Unataka kuniambia walipita Usenge na Bondo yote wakaja kukutafuta Migosi?"

Dalmas alitazama ukuta. Kola yake ilikuwa imelegea.

"Tochi ilikufa," akasema. "Skrubu zilizozifunga injini sakafuni zilikuwa chini kabisa, sioni kitu. Kompyuta nilikuwa nayo mkobani, nikaifungua kwa dakika kidogo tu."

"Ziko wapi?"

"Kwa shemeji. Chini ya mabua."

Inspekta Ogola alikohoa. Akazichana karatasi za Bakari katikati, akatoka nje kumwambia dereva kwamba abiria ni yule yule mmoja, ila jina limebadilika.

Nje mwanga wa mchana uliwachoma macho. Subira alikuwa amesimama kando ya benchi lake, leso mkononi, haamini kama anaruhusiwa kukimbia. Bakari hakumkimbilia pia. Alibaki mlangoni pa stoo, amemgeukia konstebo wa kaunta, yule aliyecheka zaidi ya wengine.

"Nilisema televisheni," akasema. "Mkacheka."

"Mzee, sasa..."

"Nipe taa yangu."

Idd akaitoa nyuma ya magunia, bado ina joto. Bakari aliipokea, akaigeuza, akafuta kioo kwa upindo wa shati. Kisha akaiinua karibu na sikio na kuitikisa. Ikalia kavu.

"Stima zikipotea mnawasha ya kwangu, siyo?" akasema, akimtazama konstebo machoni. "Jaza mafuta yangu. Siondoki hapa mpaka umejaza."

Na konstebo akaenda kutafuta mafuta.